Mkono wa Upande Ule

Machi, mvua zikiwa bado hazijakatika, milima ya Umatengo wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, hubadilika sura. Wanaume hufyeka majani kwenye miteremko, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatana hadi mlima unaonekana kama umetandikwa wavu. Kazi inayofuata ni ya wanawake. Mama huingia ndani ya kila jicho la wavu, hupiga jembe, huchota udongo wa katikati na kufukia majani ya pembeni. Pale alipochimba hubaki shimo, nalo ndilo ngoro, lenye upana wa kama mita moja na nusu hadi mbili. Maji ya mvua hutulia humo badala ya kuteremka na udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani wameichunguza ngoro tangu miaka ya 1990, wakaisifu, na walikuwa na haki: watu wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja na milima bado ipo. Sifa zote huenda kwa shimo. Leo nataka kuuzungumzia mkono unaolichimba.

Tuchukulie mama wa Litembo, au Maguu, au Langiro, aliyegundulika na saratani ya titi la kulia. Amekatwa titi, amemaliza dawa za kemo zilizomnyonyoa nywele, amepigwa mionzi Dar es Salaam, amerudi. Kwenye vitabu vya hospitali huyu ni mafanikio. Kanisani anaombewa misa ya shukrani, jirani anakuja na kuku. Miezi inapita, nywele zinaota, anakutana na watu njiani wakimwambia amenenepa. Kisha Machi inafika, mume ameshapanga majani, na mama anashika jembe. Mkono wa kulia unafika usawa wa bega na kugoma. Ifikapo jioni vidole vimejaa, pete haitoki. Asubuhi akisema leo siwezi, anaulizwa swali ambalo kila aliyepona saratani kijijini analijua: "Si umeshapona?"

Swali hilo halina ubaya ndani yake. Linatoka kwa watu waliouza mahindi ili yeye asafiri. Lakini linaonyesha jinsi tunavyoielewa saratani: ugonjwa ambao ama unakuua ama unakuachia, na ukikuachia basi mambo yameisha.

Kiswahili kina neno moja kwa titi na kwa maji mengi yaliyotulia. Mtu wa Mbamba Bay, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, akikwambia fulani alikatwa ziwa, huna haja ya kuuliza ziwa lipi. Ila lugha hapo inaficha jambo, maana mara nyingi hawakati ziwa peke yake. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria kuwa takriban asilimia 80 ya wanawake hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Wakati huo ugonjwa mara nyingi umeshafika kwenye tezi za kwapani, hivyo daktari husafisha kwapa pia. Tezi hizo ndizo kituo cha kupitishia majimaji ya limfu kutoka kwenye mkono. Zikitolewa, na eneo hilo likipigwa mionzi, njia inabana. Majimaji yanakosa pa kupita na mkono unavimba, wengine baada ya miezi, wengine baada ya miaka, wakiwa wameshasahau. Uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mwanamke takriban 1 kati ya 5 waliosafishwa kwapa hupata uvimbe huo. Kwa wale waliotolewa tezi chache tu za kupima, ni kama 1 kati ya 18.

Swali la kukata kiasi gani lina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, alikuwa akiondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapa kwa pamoja, na mtindo wake ukatawala dunia kwa miongo mingi. Mwaka 1985 Bernard Fisher na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kwa uvimbe uliowahiwa, kutoa uvimbe wenyewe na kuongeza mionzi kunampa mwanamke uhai sawa na kukata titi lote. Kwa mwanamke wa Chicago habari hiyo ilibadili kila kitu. Kwa mwanamke wa Mbinga hesabu ni nyingine, maana kubakiza titi kunadai mionzi, na mionzi iko mbali. Mara nyingi kisu kinachokata vyote ndicho kinachomruhusu kurudi nyumbani mapema.

Anaporudi huwa amepewa maagizo. Mkono wa upande ule usibebe vizito, usichomwe sindano, usipimwe presha, usiungue, usikwaruzwe. Nimewahi kuyasikiliza maagizo hayo yakisomwa kwa haraka kwa mwanamke aliyeshika begi lake tayari kuondoka, naye akiitikia "ndiyo" kila baada ya sentensi. Usibebe vizito. Ndoo ya maji je? Kuni? Gunia la kahawa mbivu kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kumenyea? Mtoto? Yule mama alijua kabisa kwamba hataweza kutii, na aliyesoma alijua pia. Wote wawili walikuwa na adabu, basi mambo yakaishia hapo.

Kinachoniudhi ni kwamba agizo lenyewe limeshapitwa na wakati. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na timu yake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba kutokana na matibabu ya saratani ya matiti. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo mno na kuongeza taratibu, wakivaa soksi ya mkono inayobana. Mikono yao haikuvimba zaidi ya wale ambao hawakunyanyua. Waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14, dhidi ya asilimia 29 ya wenzao waliokaa kando. Misuli inapofanya kazi husukuma majimaji. Mkono unaolazwa hudhoofika, na ukidhoofika, ndoo ileile ya lita 20 ambayo haikwepeki inakuwa nzito maradufu.

Hapa niseme kwa uangalifu nisije nikaonekana nimewatuma kina mama shambani. Wale walionyanyua vyuma walikuwa na msimamizi, walianza chini kabisa, na walikuwa na soksi. Mwanamke aliyekaa miezi 8 bila kushika kitu kisha akachimba ngoro 20 kwa siku moja atauona uvimbe huo, na atauona vibaya. Lakini katikati ya kulaza mkono na kuuvunja kuna njia, nayo inafundishika. Wiki za mwanzo ni kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo kuliko jana. Baadaye kopo la lita moja, halafu lita tatu. Jembe jepesi la mpini mrefu kidogo, ngoro mbili leo, mbili kesho, kupumzika mkono ukiwa juu ya mto usawa wa kifua. Mtaalamu wa utengamao angempa mama ratiba hiyo kwa nusu saa. Shida ni kwamba kumpata mtaalamu huyo kijijini ni kazi, na huko aliko huwa na wagonjwa wa ajali za bodaboda wamepanga foleni.

Teremka sasa kutoka milimani. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita kama 66, sasa ni ya lami. Aliyewahi kuipita ikiwa ya udongo wakati wa masika, na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, anaelewa kwa nini watu wa mwambao waliipokea kwa vigelegele. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kule kazi ya mikono ni nyingine. Usipa hupakuliwa kutoka mitumbwini kwa mabeseni, huanikwa, hugeuzwa mara nyingi juani, huanuliwa mawingu yakikusanyika. Samaki wakubwa hupasuliwa na kutiwa chumvi. Muhogo humenywa, hulowekwa, hutwangwa.

Mwiba wa kambale ukimchoma mwanamke mwingine, hunyonya kidole na kuendelea. Ukimchoma huyu wetu kwenye mkono wa upande ule, bakteria wanaingia mahali ambapo limfu imetuama na askari wa mwili ni wachache. Usiku huohuo anaweza kushikwa na homa kali na mkono kuwaka. Vitabu husema utakuwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni ngozi kukaza na kung'aa, na ukigusa unakuta moto. Wengi hudhani ni malaria. Wengine hudhani saratani imerudi, wanakata tamaa, wanalala. Dawa yake ni antibiotiki za kawaida, zikianzwa mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana. Zikichelewa, kila shambulio huharibu zaidi mishipa ya limfu iliyobaki na mkono hauwi tena kama ulivyokuwa. Glavu za mpira wakati wa kupasua samaki, na glavu za kitambaa wakati wa kuchuma kahawa, zingeokoa mikono mingi. Ni vitu vya dukani. Sijui kwa nini havimo kwenye maagizo, wakati onyo la presha limo.

Mwambao huu umewahi kuletewa hospitali kwa meli. Chauncy Maples, iliyoanza kazi mwaka 1901, ilitumiwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kama shule na hospitali iliyoelea, ikizunguka vijiji vya Ziwa Nyasa. Leo Liuli ina Hospitali ya Mtakatifu Anna, milimani kuna hospitali ya misheni ya Litembo, ukivuka kuelekea Songea kuna Peramiho ya Wabenediktini. Mkoa huu haukukosa watu wa kuuguza. Ulichokosa ni mashine za saratani na wataalamu wake, kwa hiyo mgonjwa hufuata barabara.

Ukitoka Mbamba Bay hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mionzi ya titi kwa ratiba iliyozoeleka huchukua wiki tatu hadi tano, kila siku ya kazi dakika chache tu chini ya mashine, na saa zilizobaki za siku kukaa kwa ndugu wa Mbagala au Gongo la Mboto ambaye naye ana chumba kimoja. Sera ya afya imeiweka saratani kwenye magonjwa ya msamaha, lakini msamaha haulipi nauli, haulipi chakula, wala haumlipi anayebaki kukamua ng'ombe. Bima ya afya ya jamii (CHF) iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa ikimfikisha mtu hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Songea, basi. Baada ya hapo ulikuwa mfuko wake.

Kuna habari njema ambayo ningependa ifike kila wodi. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa kwa saratani ya matiti ya hatua za awali, mionzi mara 5 ndani ya wiki moja haikuwa na matokeo duni kuliko mara 15 ndani ya wiki tatu, baada ya kufuatilia wagonjwa kwa miaka 5. Kwa mtu anayeishi karibu na hospitali huo ni usumbufu uliopungua. Kwa mtu wa Lituhi hiyo ni tofauti kati ya kumaliza tiba na kuikimbia. Bado inadai ugonjwa uwahiwe, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka nchi zifikie mahali ambapo angalau asilimia 60 ya saratani za matiti zinagunduliwa hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba.

Baada ya tiba kuna tarehe za kurudi. Miaka ya mwanzo ni kila miezi mitatu hadi sita, baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Hospitali huandika tarehe kwa kalenda yake. Milimani fedha hufuata kahawa, inayochumwa kuanzia Mei au Juni na kulipwa baada ya minada. Mwambaoni fedha hufuata mwezi wa angani, kwa sababu usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Tarehe ya Februari kwa mkulima wa kahawa ni tarehe ya njaa. Anapokosa kufika, faili linaandikwa kuwa mgonjwa amepotea. Hajapotea. Yuko Mkumbi anapalilia, na karani angempigia simu angempata.

Kidonge cha tamoksifeni nacho kinafuata barabara hiyohiyo. Kwa mwanamke ambaye kipimo kimeonyesha kuwa saratani yake inalishwa na homoni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, wengine 10, hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu. Huleta joto la ghafla mwilini, kiasi kwamba usiku wa Julai, Umatengo yote ikiwa imejikunyata chini ya mablanketi, mama huyu anatupa blanketi na kufungua dirisha. Mume haelewi. Hedhi inaweza kuvurugika au kukoma, uke kuwa mkavu, tendo la ndoa kuwa maumivu. Haya hayasemwi kliniki kwa sababu muuguzi anaweza kuwa umri wa binti yake, hayasemwi nyumbani kwa sababu ni aibu, na hatimaye mama anaacha kidonge kimyakimya na kusema amekimaliza.

Dunia ina namna yake ya kuuliza watu kama hawa wanaendeleaje. Shirika la utafiti wa saratani la Ulaya lilitengeneza dodoso la maswali 30 lililochapishwa mwaka 1993, na mwaka 1996 likaongezewa maswali 23 ya saratani ya matiti. Linatumika kila mahali. Ni kazi nzuri: yale 23 yanauliza kuhusu maumivu ya mkono na bega, uvimbe, na ugumu wa kunyanyua mkono. Lakini swali la kwanza kabisa la lile la 30, linalohusu shughuli za nguvu, hutoa mfano wa kubeba mfuko mzito wa manunuzi au sanduku la safari. Mama wa Kihagara anunue nini cha kujaza mfuko? Swali lake lingekuwa kama anaifikisha ndoo kichwani bila kuinuliwa na mtu. Kama anafunga mbeleko, maana ule mkanda hupita juu ya kovu na kulikwaruza kila mtoto anapochezesha miguu. Ngoro ngapi kabla mkono haujajaa? Kwenye harusi ya mwisho aliingia kucheza ngoma ya kioda, au alikaa na wazee?

Hilo la kioda si mzaha. Titi moja likiondolewa, mwili huinama upande mmoja na nguo huning'inia. Sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hushonwa kwa vipimo vya watu wenye matiti mawili, na kwenye maandamano ya sikukuu kila mtu anaona. Wapo wanaoacha jumuiya kwa ajili hiyo tu. Matiti bandia ya silikoni huuzwa mijini kwa bei ambayo siwezi kumshauri mtu. Lakini Barbara Demorest, Mmarekani aliyekatwa titi mwaka 2011, alipewa moja la kufumwa kwa uzi wa pamba, laini, akalipenda hadi akaanzisha mtandao wa wafumaji wa kujitolea unaoyagawa bure. Mbinga ni nchi ya baridi na ya masweta. Wenye sindano za kufumia wapo. Kifuko cha pamba kikijazwa ulezi kidogo katikati ili kipate uzito, sidiria inakaa na bega halipandi. Ulezi utolewe kabla ya kufua, la sivyo utaota.

Waume nao. Husemwa kwamba wanakimbia, na wapo wanaokimbia. Lakini ukikaa kwenye korido za kliniki utawaona pia wanaume wa makamo waliobeba mkoba wa mke na faili la bahasha ya kaki, wamevaa koti la Jumapili, hawajui waulize nini. Hakuna anayezungumza nao. Kwa Wamatengo wa zamani sengu, mlo wa pamoja wa ukoo, ndipo mambo mazito yalipowekwa wazi na wakubwa wakaelekezana. Ningetamani daktari angalau mmoja amwambie yule wa koti la Jumapili kuhusu joto la usiku, maumivu ya ndani, na ndoo.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwapata 137,294 kwa miaka 5, mwanamume na mwanamke kwa kila kitongoji. Mhudumu huyo hubeba utepe wenye rangi wa kupimia mkono wa mtoto kama ana utapiamlo. Kumpima mama aliyepona saratani kunahitaji futi ya fundi cherehani tu: mikono yote miwili, mahali palepale, kila mwezi, na kuandika. Mkono wa upande ule ukiuzidi mwenzake kwa sentimita 2, hiyo ni dalili ya kumpeleka kituoni kabla haujawa mzigo. Zoezi zima ni dakika 10, mlangoni kwake, bila nauli.

Na Machi ikija, milimani bado kuna ngokela, kazi ya kusaidiana, ambapo majirani huingia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Ndani yake kuna kazi za kila aina ya mkono. Wenye nguvu huchimba. Maharage, kabla ya kufunikwa na udongo, lazima mtu ayamwage juu ya matuta, na kumwaga maharage unaweza kwa mkono wowote ulio nao.